Nyumba hujengwa, chombo huundwa: Msamiati wa mafundi wa Lamu unaooza ufuoni

MWANAFUNZI wa Kiswahili akiombwa leo aeleze kazi ya kukirejesha baharini chombo kilichotelekezwa, atasema ‘kukikarabati’, na hapo amemaliza. Neno hilo si baya. Tunalitumia kwa barabara, madarasa, viwanja vya michezo na hata gari kuukuu lisilo paa ambalo mwenyewe amelifufua likarudi barabarani. Ila ni neno pana mno. Halisemi kazi ilianzia wapi wala ilipitia hatua gani.

Katika visiwa vya Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale ni vya watu na punda, chombo cha kufufuliwa aghalabu si gari bali ni jahazi, dau au mashua. Ukifika Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kwenye kisiwa cha Lamu, utakuta kazi hiyo ina vitenzi vyake, kila kimoja na zamu yake. Nadai katika makala haya kwamba vitenzi hivyo vikipotea hatutapoteza maneno matupu. Tutapoteza maarifa yanayomzuia abiria asizame, na methali zetu nyingi zitabaki maganda.

Tuanze na kitenzi kilicho mama wa vyote. Kwa Waswahili, nyumba hujengwa lakini chombo *huundwa*. Kutokana na *unda* tumepata muundo, kiunzi na hata miundombinu. Waziri anayeunda kamati na mhandisi anayezungumzia miundombinu wanazungumza kwa kitenzi cha muunda jahazi, wajue wasijue.

Kutoka majini

Jahazi kuukuu halitengenezwi likielea. Mafundi hungoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yakijaa kabisa, chombo huvutwa juu ufuoni. Yakipwa, kinabaki mchangani. Huko ndiko *kupweleza*. Kitenzi hiki ni cha ukoo wa kupwa, ukoo uliotupa pia neno pwani, yaani mahali maji yanapopwa. Tofautisha na *kupwelea*, ambako ni kukwama bila kutaka. Jahazi lililopwelea lina matatizo. Lililopwelezwa liko mikononi mwa fundi.

Kisha *hugadimiwa*: huegemezwa kwa magadi, nguzo za kulizuia lisilale ubavu. Ati magadi? Naam, lakini si yale ya kulainishia maharagwe! Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu.

Sasa uchunguzi. Mwenye chombo asiye na subira hutaka kuanza na rangi, maana rangi ndiyo inayoonekana. Fundi huanza na *mkuku*, yaani ule mti mrefu wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo. Halafu hukagua *mataruma*, mbavu zinazozishika mbao za ubavuni. Hugonga kwa nyundo na kusikiliza, kwa kuwa mti mzima na mti ulioliwa na wadudu wa majini havitoi mlio mmoja. Mkuku ukiwa umeoza, mwenyewe huambiwa ukweli mapema kabla hajatumia pesa zake kwa mbao mpya.

Taruma lililooza hubadilishwa. Fundi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe porini, mathalani la mlilana, ambao ni aina ya mkoko, kwani mti uliokua umepinda una nguvu kuliko uliochongwa ukapindishwa. Kwa mbao za ubavuni, mbambakofi husifiwa tangu jadi. Tezo huchonga, randa husawazisha, nayo keekee hutoboa tundu kabla ya msumari kupigiliwa ili ubao usipasuke.

Kalafati, deheni na sifa

Mbao zikishakaa mahali pake, panabaki nafasi nyembamba kati ya ubao na ubao. Hapo ndipo maji yanapopitia. Kuziziba ni *kukalafati*: pamba husokotwa, hutiwa mafuta, kisha hushindiliwa kwa patasi na nyundo, inchi baada ya inchi. Neno hili lina mwenziwe katika Kiarabu na katika Kireno, ushahidi kwamba mabaharia wa mataifa mbalimbali walifundishana kazi kabla ya wanaisimu kufundishana nadharia.

Baada ya kalafati huja *deheni*, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo inayokaa majini, kuwazuia wadudu. Mbao za juu hupakwa *sifa*. Mwanafunzi wa Nairobi akisoma kwamba jahazi limepakwa sifa atadhani limesifiwa. Kumbe sifa hii ni mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa, na harufu yake haina sifa hata kidogo.

Hatua ya mwisho ni *kushua*, kukirudisha chombo majini kwa bamvua nyingine. Hata hapo fundi haagi. Mbao zilizokauka ufuoni hunywa maji, zikavimba na kubanana, na kwa siku za kwanza lazima mtu ashuke *ngamani*, chini kabisa ndani ya chombo ambako maji yanayovuja hukusanyika, ayapime na kuyafuta. Maji yakipungua siku hadi siku, kazi imefaulu. Yasipopungua, chombo hupwelezwa tena. Hakuna rangi wala jina zuri ubavuni linaloweza kubadilisha hukumu ya ngama.

Methali zinazobaki maganda

Hebu tuitazame methali isemayo ‘Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.’ Darasani tunafundisha kuwa maana yake ni mtu hurudi alikoanzia. Sawa. Lakini ni wanafunzi wangapi wanaojua kuwa tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na kwamba baharia hata akirandaranda vipi, ngama inamngoja akafute maji? Na ile ya ‘Dau la mnyonge haliendi joshi’? Tanga lina upande wa *joshi*, unakotoka upepo, na upande wa *demani*, unakoelekea. Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukabili upepo, jambo linalohitaji tanga zima, kamba imara na mabaharia wa kutosha. Mnyonge hana hivyo vyote. Ukiyajua haya, methali inakuwa picha kamili. Usipoyajua, unakariri tu.

Isitoshe, Kiswahili cha nchi kavu kinaishi kwa mikopo ya bahari. *Usukani* wa gari ulitoka kwenye jahazi. *Nahodha* wa timu ya kandanda amerithi cheo cha mwenye amri chomboni, neno lililotujia kutoka Kiajemi. Mipango yetu huenda *mrama*, kama chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu.

Basi hatari iko wapi? Iko ufuoni. Boti za faiba zenye injini hazihitaji kalafati wala deheni. Miti mizuri imekuwa adimu na ghali. Lamu ina takribani asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, lakini marufuku ya kukata miti ya 2018 iliwagusa hata wakata mikoko, na haja ya kuilinda mikoko hiyo ni ya kweli. Jahazi likioza, mwenyewe hununua faiba, na kijana wa fundi hutafuta kazi nyingine.

Kuna atakayesema maneno haya yamo kamusini. Mengi yamo. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981 inayo, na Mholanzi A. H. J. Prins alichapisha kitabu kizima kuhusu ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Lakini kamusi hupanga maneno kwa alfabeti ilhali fundi huyapanga kwa kazi. Kamusini, deheni inatangulia kalafati. Ufuoni, anayefuata mpangilio huo atazama.

Isidhaniwe kwamba naomba wakati usimame. Mwaka wa 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walimaliza kuunda Flipflopi, dau la plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mali ghafi ilibadilika, lakini mikono iliyoliunda ilikuwa ya waunda vyombo. Lugha ya ufundi haihitaji mbao za kale ili iishi. Inahitaji kazi iendelee na mtu mchanga awepo akisikiliza.

Kwa hivyo, idara zetu za Kiswahili ziwatume wanafunzi Matondoni wakakae tangu chombo kinapopwelezwa hadi kinaposhuliwa, wakirekodi kila hatua kwa sauti na picha kama fundi anavyoitaja. Tasnifu za namna hiyo zingetufaa kuliko uchambuzi wa kumi wa riwaya ileile. Nawe msomaji, ikiwa una babu au mjomba aliyewahi kushika tezo au usukani wa jahazi, usingoje chuo kikuu. Muulize alikuwa akiziba vipi, kwa nini, na kila kitu kinaitwaje. Kisha andika.