Pumzi Inapokatika Usingizini: Kuanza Mashine ya Hewa au Kutoanza?



Wanafunzi wetu wa ukalimani hutuuliza mara kwa mara: je, kuna haja gani ya kujifunza majina ya sehemu za koo, kama vile kaakaa, kimio na kongomeo? Makala hii ni jibu letu. Inahusu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao madaktari huuita apnia ya usingizi, na uamuzi mgumu unaomkabili mgonjwa anapoambiwa kwamba itamlazimu kulala na mashine kila siku. Sisi ni walimu wa lugha, si madaktari. Hata hivyo, mgonjwa hawezi kuamua jambo ambalo hakulielewa, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Tumechagua kuangalia Nakivale na Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya aina hiyo barani Afrika. Yako katika wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania, na wanaishi humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa iliyoko Mbarara, mwendo wa kilomita 60 hivi, ambako mazungumzo ya kawaida ni Kinyankole na Kiingereza. Baina ya mgonjwa na daktari mara nyingi huketi mkalimani.

Mfano wetu

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba mmoja wa miaka 52, aliyetoka Kivu, ni dereva wa bodaboda huko Nakivale. Usiku hukoroma mpaka majirani wanasikia. Mkewe husema: "Baba watoto, unakoroma, halafu unanyamaza kimya kama mtu aliyekufa. Mimi nahesabu. Halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini." Yeye mwenyewe hajui lolote kuhusu hayo. Anachojua ni kwamba huamka na kichwa kizito, shinikizo la damu halishuki ingawa anameza dawa, na mchana husinzia. Wiki iliyopita alisinzia akiwa juu ya pikipiki, na nyuma yake alikuwa amebeba abiria na mtoto.

Baadhi ya wazee walimwambia kuwa anakabwa na jinamizi. Wengine walimsifu kwa kulala usingizi wa pono. Yote mawili si kweli. Usingizi wake ni wa mang'amung'amu, maana ubongo wake unaamshwa mara nyingi kila usiku bila yeye kujua.

Ni ugonjwa gani?

Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine ulimi hurudi nyuma, kaakaa laini na kimio hushuka, na njia ya hewa huziba. Kifua huendelea kujitahidi kuvuta hewa lakini hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mtu huzinduka kidogo, njia hufunguka, naye hulala tena. Kisha mambo hujirudia.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, daktari huhesabu tukio moja. Pia huhesabu nyakati ambazo hewa hupungua sana bila kukatika kabisa. Matukio 5 hadi 14 kwa saa huitwa apnia hafifu. 15 hadi 29 ni ya wastani. 30 na kuendelea ni kali. Mtu mwenye matukio 30 kwa saa, akilala saa 7, hukabwa mara 210 kwa usiku mmoja. Si ajabu akisinzia mchana.

Unene huongeza hatari, hasa shingo ikiwa nene. Lakini tusidanganyike: watu wembamba pia huugua, kutokana na umbo la taya, mafindofindo makubwa au pua iliyoziba. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo na kuzidisha tatizo. Kwa hiyo anayesema "silali vizuri, nipe kidonge cha usingizi" anaweza kuwa anaomba kitu kitakachomdhuru.

Kukoroma tu, au ni apnia?

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Kituo cha afya kisicho na vifaa kinaweza kuanza kwa maswali. Hojaji mashuhuri ni ile iitwayo STOP-Bang, ambayo msingi wake ulitungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008. Ina maswali manane: kukoroma kwa sauti kubwa, uchovu wa mchana, kuonekana na mtu mwingine ukikatika pumzi, shinikizo la damu, uzito, umri uliozidi miaka 50, unene wa shingo, na kuwa mwanamume. Majibu matano au zaidi ya "ndiyo" yanaonyesha hatari kubwa.

Hojaji nyingine ni ya Epworth, iliyotungwa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Humwuliza mtu uwezekano wa kusinzia katika hali nane, kama vile kutazama televisheni au kuwa ndani ya gari lililosimama barabarani. Jumla ikizidi 10, kusinzia kumepita kiasi. Hapa mkalimani awe mwangalifu. Mtu asiye na televisheni wala gari atajibu "hapana" akaonekana mzima. Itafaa kuuliza pia kuhusu kusinzia kanisani, msikitini au kwenye foleni ya kupokea chakula, lakini daktari lazima aambiwe kwamba swali limebadilishwa, maana hesabu ya hojaji ilipimwa kwa maswali ya asili.

Hojaji hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Uthibitisho hupatikana kwa kupima usingizi wenyewe, ama hospitalini kwa nyaya nyingi, ama nyumbani kwa kifaa kidogo kinachorekodi hewa ya puani, mwendo wa kifua na oksijeni. Asiyeweza kupata vipimo hivyo anaweza angalau kurekodiwa na mwenzake kwa simu usiku. Sauti ya kukoroma, ukimya, kisha mshtuko, itamsaidia daktari kuona uzito wa jambo.

Mashine inafanya nini, na haifanyi nini?

Mashine ya CPAP (tamka sipapu) ilibuniwa Sydney na daktari Colin Sullivan, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1981. Ni pampu ndogo inayovuta hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kupitia bomba hadi kwenye barakoa ya puani au ya pua na mdomo. Msukumo huo huifanya njia ya hewa isizibe, mithili ya upepo unaotanua mfuko wa nailoni.

Kuna mambo mawili ambayo mkalimani hana budi kuyaeleza wazi. Kwanza, CPAP si oksijeni. Watu wengi walimwona ndugu yao akivishwa barakoa ya oksijeni hospitalini, hasa wakati wa korona mwaka 2020 na 2021, na baadhi ya ndugu hao hawakurudi nyumbani. Mgonjwa akisikia neno "barakoa" anaweza kudhani ameambiwa kwamba siku zake zimekwisha. Aelezwe kuwa hewa ni ileile anayoivuta kila siku.

Pili, CPAP haiponyi. Tukisema "utaanza dawa", mgonjwa hutarajia kumaliza dozi na kupona. Mfano bora ni miwani: ukiivaa unaona, ukiivua huoni. Siku ambayo hukuvaa barakoa, pumzi zitakatika kama zamani.

Je, faida ni zipi? Ushahidi ulio imara zaidi unahusu kupungua kwa usingizi wa mchana na kukoroma, na maisha kuwa bora zaidi. Shinikizo la damu hushuka pia, ingawa kwa wastani hushuka kidogo, kwa hiyo vidonge visiachwe. Kuhusu moyo na kiharusi, tuwe wakweli. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 2,717 waliokuwa na apnia pamoja na maradhi ya mishipa ya moyo au ya ubongo. Haukuonyesha kwamba CPAP ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi au vifo, ila washiriki walitumia mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Wenye mashine walisinzia kidogo zaidi mchana na hali yao ya moyo, yaani furaha na utulivu, ilikuwa nafuu. Basi asiahidiwe mtu kwamba hatapata kiharusi. Aelezwe yale yanayojulikana.

Umeme, maji na chandarua

Nakivale, nyumba nyingi hutegemea sola ndogo za kuwashia taa na kuchaji simu. Hizo hazitoshi. Tufanye hesabu. Mashine isiyotumia kitia-unyevu huweza kula wati 30 hivi. Kwa saa 8 hizo ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Zinabaki 600, yaani usiku mbili na akiba kidogo. Paneli ya wati 100 yaweza kuijaza siku ya jua, lakini siku za mvua mfululizo ni mtihani. Kitia-unyevu kikiwashwa, matumizi hupanda sana. Aidha, mashine nyingine hutaka volti 24, kwa hiyo fundi asome maandishi ya mashine yenyewe kabla ya kuunganisha waya.

Kitia-unyevu huhitaji maji yaliyotoneshwa, maana maji ya kawaida huacha chumvichumvi ndani ya chombo. Yasipopatikana, ni heri kukizima. Anayelazimika kukitumia asitie maji ya bomba au ya ziwa moja kwa moja. Ayachemshe, yapoe, na kuyabadilisha kila siku. Barakoa huoshwa kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Vumbi likizidi, kichujio kikaguliwe mara kwa mara.

Na chandarua? Kisiachwe, kwa kuwa malaria haingoji. Bomba lipitishwe chini ya ncha ya chandarua, kisha ncha ichomekwe vizuri chini ya godoro.

Mashine za kupewa

Mashine mpya hugharimu mamia ya dola. Kwa sababu hiyo huenda ndugu aliyehamia Kanada au Marekani akatuma iliyokwisha tumika. Zawadi haikataliwi, lakini ichunguzwe. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake, kwa kuwa sponji ya ndani ya kupunguza sauti iliweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Namba ya mashine ilinganishwe na orodha ya zilizorudishwa kabla ya kuitumia. Barakoa, bomba na kichujio viwe vipya. Na kiwango cha msukumo kilichomfaa mwenye mashine wa kwanza si lazima kikufae wewe. Daktari akipange upya.

Njia nyingine

Mwenye apnia hafifu, asiyesinzia mchana, anaweza kuanza na mambo mengine: kulala ubavu badala ya chali, kuacha waragi na tonto wakati wa jioni, kutibu pua, na kupunguza uzito ikiwa umezidi. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba kupunguza asilimia 10 ya uzito huambatana na kupungua kwa matukio kwa asilimia 26. Kipo pia kifaa cha kuvaa mdomoni kinachovuta taya mbele. Kwa watoto wenye mafindofindo makubwa, mara nyingi tiba ya kwanza ni upasuaji.

Uamuzi

Turudi kwa dereva wetu. Ikiwa kipimo kitaonyesha apnia ya wastani au kali, na tayari anasinzia akiendesha, basi mizani inaelemea upande wa kuanza. Hapa si afya yake peke yake inayopimwa. Abiria na mtoto aliyekuwa nyuma yake hawakuulizwa. Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla mashine haijafika, ni kutoendesha akiwa na usingizi, na hilo ni gumu kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo jiko lake. Familia ishirikishwe katika kulipanga.

Si lazima aape kuitumia maisha yake yote. Anaweza kukubali jaribio la mwezi mmoja. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni angalau saa 4 kwa usiku, katika usiku 7 kati ya 10, ingawa saa nyingi zaidi ni bora. Wiki ya kwanza huwa ngumu: pua hukauka, barakoa huvuja, mtu huhisi kufungiwa. Aivae kwanza mchana akiwa macho, aizoee. Mwezi ukiisha ajiulize: nasinzia mchana? Kichwa kinauma asubuhi? Mke wangu anasemaje? Kama hakuna nafuu, arudi kwa daktari, kwani huenda tatizo ni barakoa au msukumo.

Kwa wakalimani, tunapendekeza mgonjwa aende Mbarara na maswali haya matano yakiwa yameandikwa: Apnia yangu ina matukio mangapi kwa saa? Nisipotibiwa, mimi hasa nina hatari gani? Mashine hii inakula umeme kiasi gani? Nani atanisaidia ikiharibika? Na kama siwezi kuipata, nifanye nini kesho?

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Mkalimani mwema halijibu yeye. Hulifikisha kwa daktari, kisha hulirudisha jibu kwa mgonjwa bila kulipunguza wala kulitia chumvi. Mke aliyehesabu ukimya wa usiku naye apewe nafasi ya kusema, kwa maana yeye ndiye shahidi pekee.

Tunawatakia nyote usingizi mwema.