Kabla ya Kuchimba Kisima: Somo Kutoka Mabonde ya Pemba

Kamati zetu zinapoandika ombi la mradi wa maji, jambo la kwanza kutajwa huwa idadi ya visima. Nasi tunaopeleka maombi hayo kwa wafadhili tuna kosa lile lile. Swali la kutangulia ni hili: maji hayo yanatoka wapi?

Tuchukue Ole, kisiwani Pemba. Nchi ya Pemba ni vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Mvua za masika na vuli hupenya kwenye udongo wa vilima, maji yakashuka polepole na kuibuka chini kama chemchemi. Ndiyo maana bonde huweza kubaki na unyevu baada ya mvua kukoma. Anayelima kilimani na anayeteka maji bondeni wanatumia maji mamoja.

Uhusiano huu umechunguzwa sana mbali na kwetu, katika nyanda za majani za North Dakota, Marekani, zenye vidimbwi vingi vilivyoachwa na barafu ya kale. Eneo la Cottonwood Lake limepimwa tangu miaka ya 1970. Ilionekana kwamba dimbwi la juu mara nyingi hulisha maji ya ardhini, na la chini hulishwa nayo. Ukame ukizidi, mwelekeo huweza kugeuka. Hivyo kulitazama bwawa kwa macho hakutoshi kujua kazi yake.

Kisiwani huongezeka chumvi. Chini ya ardhi, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Pampu ikiyashusha kwa mita 1 tu karibu na pwani, chumvi baada ya muda huweza kupanda makumi ya mita, na kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Wafadhili wanisamehe: pampu kubwa si zawadi nzuri kila mahali.

Kifaa cha kuanzia ni kamba yenye uzito na daftari. Pimeni kina cha maji katika visima vilivyopo kila wiki, alfajiri kabla watu hawajateka, tangu masika hadi mwisho wa kiangazi. Andikeni pia ladha ya maji, na kama kuna bonde jirani linalofukiwa kwa ujenzi. Ombi litakaloambatana na daftari la mwaka mmoja ndilo tutakalolisoma kwanza.