Nguo ya Mchezaji Hupimwa Mikono Ikiwa Juu

Fundi wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, anayeshona kikwembe cha harusi kwa kawaida humpima mteja akiwa amesimama wima. Vazi la baleti hudai zaidi, kwa kuwa mchezaji huinua mikono, huinama na kuhema. Ndiyo maana bodisi yake huungwa kwa vipande vingi vyembamba, hutiwa kikwapa, na mgongoni hufungwa kwa kulabu zenye safu kadhaa za vitanzi, ili kesho imkae mchezaji mwingine. Wapo watakaosema baleti si yetu, na vita vimetuachia mahitaji mazito zaidi. Ni kweli; lakini wanakwaya na wacheza ngoma wetu nao huinua mikono, na nguo inayopasuka kwapani humtia hasara asiye na ya pili. Shule zetu za kukata na kushona zifundishe kumpima mtu mikono ikiwa juu.