Kuzalisha Samaki katika Tangi la Kioo

Asubuhi ya mwezi wa Julai huko Uyole, karibu na mji wa Mbeya, ni ya baridi kali. Watoto huenda shuleni wamevaa masweta, na moshi wa chai huonekana katika kila jiko. Lakini ukipanda basi hapo Uyole na kuteremka kupitia Tukuyu hadi Kyela, baada ya saa chache utafika Ziwa Nyasa. Huko Matema utawakuta wavuvi wakivuta nyavu vifua wazi, na maji ya ziwa ni ya vuguvugu.

Katika ziwa hilo wanaishi samaki wadogo wenye rangi nzuri sana: buluu, manjano, na milia myeusi. Wanaoishi kwenye miamba huitwa mbuna. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Watu wa nchi nyingi huwafuga mbuna katika matangi ya kioo nyumbani. Je, sisi tunaweza kuwafuga na kuwazalisha Uyole? Tunaweza, lakini ni lazima kwanza tuelewe mahitaji yao.

Tatizo la baridi

Uyole ipo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa lipo kiasi cha mita 475. Tofauti yake ni zaidi ya mita 1,300. Kwa kawaida, kila tupandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 za Sentigredi. Kwa hiyo hewa ya Uyole ina baridi kuliko hewa ya ziwani kwa karibu nyuzi 8.

Mwili wako hubaki na joto lilelile, kukiwa na baridi au jua. Mwili wa samaki haufanyi hivyo. Joto la mwili wake hufuata joto la maji. Mbuna huhitaji maji yenye joto la nyuzi 24 hadi 28. Maji yakipoa mno, samaki huacha kula, hukaa kimya chini ya tangi, na hatazaa. Baridi ikizidi, hufa.

Kwa sababu hiyo mfugaji wa nyanda za juu hutumia hita ya umeme ya kuzamishwa majini, ambayo hujizima yenyewe joto likitosha. Hutumia pia kipimajoto. Usiingize mkono katika tangi kabla ya kuchomoa waya wa umeme.

Je, umeme ukikatika usiku? Funika tangi kwa blanketi pande zote, lakini acha nafasi ya hewa juu. Maji mengi hupoa polepole, hivyo tangi kubwa ni salama kuliko dogo. Usimimine maji ya moto ndani, kwa maana mabadiliko ya ghafula huua samaki upesi kuliko baridi yenyewe.

Kutayarisha tangi

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Zidisha: 100 × 40 × 50 = sentimita za ujazo 200,000, yaani lita 200. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji ya tangi hili yana uzito wa kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia. Meza dhaifu haitafaa.

Weka mchanga uliooshwa vizuri, kisha panga mawe makubwa ili yawe na mapango ya kujificha. Maji ya Ziwa Nyasa si ya asidi. Mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Songwe, huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji ya tangi yafanane na ya ziwa.

Maji ya bomba huenda yakawa na dawa ya klorini. Yaache katika ndoo wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Weka pampu ya hewa, kwa kuwa samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, na maji ya vuguvugu hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Ukiona samaki wote wamepanda juu wakitwetatweta, jua kuwa oksijeni imepungua. Pampu ikiwa imesimama, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, mara nyingi. Maji yanayoanguka huchukua hewa.

Sasa subiri. Wafugaji wengi hupoteza samaki kwa kukosa subira. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye mchanga na mawe huibadilisha amonia kuwa vitu visivyo na madhara makubwa, lakini huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Anza na samaki wachache. Kila wiki toa robo ya maji na ujaze mengine yenye joto lilelile. Usioshe mawe yote kwa sabuni, kwani utawaua bakteria wanaokusaidia.

Chakula

Mbuna wengi hula mwani unaoota kwenye miamba. Wape majani laini ya mchicha yaliyochemshwa, na unga wa dagaa kidogo. Wape kiasi watakachomaliza kwa dakika chache. Chakula kinachobaki huoza na kuharibu maji.

Mama anayelea kinywani

Weka dume mmoja pamoja na majike watatu au zaidi. Ukiweka jike mmoja tu, dume atamfukuza mchana kutwa mpaka achoke na kufa.

Wakati wa kuzaa ukifika, rangi za dume hung'aa. Husafisha mahali kwenye mchanga au jiwe, kisha humwita jike kwa kutikisa mwili. Jike hutaga mayai machache machache, na papo hapo huyachukua kinywani. Dume ana madoa ya manjano yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia. Jike hujaribu kuyachukua madoa hayo pia, na wakati huo hupokea mbegu za dume. Hivyo mayai hurutubishwa yakiwa ndani ya kinywa cha mama.

Kwa muda wa wiki tatu hivi, mama huyo hali kitu. Chini ya kidevu chake huvimba kama mfuko. Ukimtazama kwa makini utamwona akitafuna pasipo chakula: anayageuza mayai ili yapate maji safi. Mayai huanguliwa humo humo. Hatimaye hufungua kinywa, na samaki wachanga, pengine ishirini au thelathini, huogelea nje.

Katika tangi lenye samaki wengi, wachanga hao huliwa mara moja. Kwa hiyo, kabla ya wiki ya tatu kwisha, mhamishe mama taratibu katika tangi dogo lenye maji ya joto lilelile. Usimshtue, maana akiogopa atatema mayai au atayameza. Akishawaachia watoto, mlishe siku chache apate nguvu, ndipo umrudishe. Watoto walishe unga laini sana wa dagaa, mara kadhaa kwa siku.

Baba anayejenga kiota cha mapovu

Si samaki wote wanaolea hivyo. Samaki aitwaye beta, mwenye asili ya Thailand katika bara la Asia, hulelewa na baba. Dume hupuliza mapovu yenye utelezi yakawa kiota juu ya maji. Jike akitaga, dume huyaokota mayai na kuyaweka katika mapovu. Mfugaji humwondoa jike upesi, kwa sababu dume humshambulia. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili, na mtoto akianguka, baba humrudisha kiotani. Madume wawili wa beta wakiwekwa pamoja hupigana hadi kuumizana vibaya, hivyo kila mmoja huwekwa peke yake.

Linganisha: beta hutaga mayai mengi, pengine mamia, na hulea siku chache. Mbuna hutaga machache na hulea wiki tatu.

Kwa nini jambo hili lina maana kwetu?

Perege wengi wanaofugwa katika mabwawa yetu nao hulea watoto kinywani. Mvuvi anapomnasa mama mwenye watoto, samaki huyo hutema watoto wote kwa hofu, nao huliwa au hufa. Wavu mmoja huondoa vizazi viwili. Ndiyo sababu si vema kuvua mahali samaki wanapozalia.

Tena, usimwage kamwe samaki wa tangi katika mto au ziwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara waliingizwa Ziwa Viktoria. Kufikia miaka ya 1980, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Aina chache ziliokolewa kwa kuzalishwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Tangi dogo laweza kuhifadhi aina nzima ya samaki, lakini samaki wachache wakimwagwa mahali pasipo pao waweza kuangamiza nyingi.

Ukitaka samaki wa kufuga, mwombe mwalimu wako mwende pamoja kwa Afisa Uvuvi, awaeleze ni samaki gani wanaoruhusiwa kuchukuliwa.

Maswali

1. Kwa nini maji ya tangi huko Uyole yahitaji kupashwa joto, hali ya Matema hayahitaji?
2. Tangi lina urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 40. Litajaa lita ngapi? Maji hayo yatakuwa na uzito gani?
3. Bakteria wana faida gani katika tangi?
4. Kwa nini mama wa mbuna hali chakula wakati wa kulea?
5. Eleza tofauti mbili kati ya ulezi wa mbuna na ulezi wa beta.

Kazi ya kufanya

Jaza maji ya joto sawa katika kikombe kimoja na katika ndoo moja. Pima joto la kila chombo baada ya kila nusu saa, mara nne. Andika majibu katika jedwali. Ni chombo kipi kilichopoa upesi? Jambo hili linamfundisha nini mfugaji wa samaki?