Lugha ya Kati: Kuisoma C Iliyoandikwa na Kompaila ya Lisp

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, umezungukwa na lugha za nasaba mbalimbali: Kigorowa na Kiiraqw ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu, na Kidatoga ni Kinailoti. Simulizi ya Kigorowa mara nyingi hufasiriwa kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kitenzi cha Kigorowa katika nafsi ya tatu umoja hupambanua mume na mke. Kiswahili husema «amefika» kwa wote wawili. Basi Kiingereza kikimgeuza bibi kuwa bwana, hakuna faida kukichunguza Kiingereza peke yake. Sharti isomwe sentensi ya katikati, maana hapo ndipo habari ilipoangukia.

Jambo hili lina mfano wake katika kompyuta. Lugha ya Lisp ilianzishwa na John McCarthy mwaka 1958. Wataalamu wa sarufi si wageni kwayo: KIMMO, programu ya Lauri Karttunen ya mwaka 1983 ya kuchambua maumbo ya maneno kwa nadharia ya Kimmo Koskenniemi, iliandikwa kwa Lisp. Mwaka 1984 Taiichi Yuasa na Masami Hagiya, huko Kyoto, walitoa kompaila isiyoigeuza Lisp moja kwa moja kuwa amri za mashine, bali kwanza kuwa C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie. Sababu yake ni ileile inayokipa Kiswahili kazi Babati: C hueleweka karibu kila mahali. Katika ukoo huo imo ECL, iliyoanzishwa na Giuseppe Attardi.

Kwa kawaida matini hiyo ya C hufutwa kazi ikiisha. Katika ECL, mtu akitaka ibaki huongeza «:c-file t» katika amri ya «compile-file». Na kwa kanuni moja tu, ambayo haijapitishwa kwenye kompaila, amri ya «disassemble» humwonyesha C yake papo hapo.

Tuseme mtafiti anapima ni mara ngapi maneno mawili huandamana, na katika hesabu yake huzidisha idadi ya neno moja kwa idadi ya jingine. Asipoieleza kompaila lolote juu ya aina ya nambari, katika C ataona kila kitu kimeitwa «cl_object», yaani kitu cha Lisp cha aina yoyote, na kuzidisha kumekabidhiwa «ecl_times». Msaidizi huyu huuliza kwanza amepewa nambari ya namna gani, na jibu likiwa kubwa hulitafutia nafasi. Ni mwendo wa polepole, lakini ni wa kweli.

Akitangaza kwamba nambari zote mbili pamoja na zao lake ni nambari fupi, na akaondoa ukaguzi kwa ajili ya haraka, «ecl_times» hutoweka. Hubaki alama ya kuzidisha ya C yenyewe. Sasa, katika mashine za biti 32 nambari fupi ya ECL haivuki 536,870,911. Maneno mawili yaliyotokea mara 30,000 kila moja huzaa 900,000,000. Zao hilo haliingii, wala hakuna onyo: mtafiti hupewa jibu la uongo, pengine hata lililo chini ya sifuri. Mashine za biti 64 zina nafasi kubwa zaidi, na hapo hatari ni adimu. Lakini tangazo la uongo ni la uongo popote. Lisp aliyoiandika haionyeshi dosari, kwa kuwa kompaila imemsadiki tu. Ni C inayofichua ni kitu gani ilichosadiki.

Usomaji huu una taabu zake. Maelezo ya mwandishi hayamo, na majina mazuri aliyoyachagua huenda yakawa herufi na tarakimu tu. Asiyezoea asijaribu kufasiri kila mstari. Kazi hiyo huchosha bure. Na aiandike kanuni ileile mara mbili, yenye tangazo na isiyo nalo, kisha aziweke C zake sambamba na kutazama zilipoachana.