Sura ya 7: Rasimu Ikae Wapi?

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anayeishi Itaka, wilayani Mbozi, hamalizi fomu ya Bodi ya Mikopo kwa mkao mmoja. Hujaza mtandaoni, huchapisha, huzungusha kurasa zisainiwe kijijini, kwa mdhamini na kwa kamishna wa viapo, kisha huzipakia. Mara nyingi kompyuta ni ya steshenari, na umeme hukatika bila taarifa.

Ushauri uliozoeleka ni kuhifadhi rasimu ndani ya kivinjari. Kina ghala dogo, yapata megabaiti 5 kwa kila tovuti, na linafanya kazi hata pasipo mtandao. Ila ghala hilo ni la mashine, si la mtu. Mwombaji akirudi kesho akapewa kompyuta nyingine, anaanza upya. Na atakayekalia ile ya jana anaweza kukuta majina ya wazazi na namba ya NIDA ya mwenzake. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, kwa hiyo jambo hili si la adabu tu.

Rasimu ikae kwenye seva, chini ya akaunti ya mwombaji. Kivinjari kishike yale tu ambayo hayajafika, kiyafute seva ikishayapokea. Usihifadhi kila herufi, utamaliza bando la watu: ngoja kama sekunde mbili baada ya vidole kutulia, utume kilichobadilika peke yake. Kwenye simu usisubiri ukurasa ufungwe. Mtu akihamia WhatsApp, simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuuzima ukurasa kimyakimya. Hifadhi pale pale ukurasa unapofichwa.

Neno "Imehifadhiwa" lisitokee kabla seva haijajibu. Kwangu hakuna kosa baya kuliko alama ya kijani inayodanganya. Mtandao ukikosekana, sema wazi: "Bado haijafika."

Mwombaji akirudi, mwoneshe rasimu ni ya lini na alifikia wapi. Kama aliandika kwenye simu na kwenye kompyuta pia, na majibu yanapingana, achague mwenyewe. Nywila haihifadhiwi kamwe ndani ya rasimu.

Kabla ya kuzindua fomu yako, ijaze kwa simu ya bei nafuu, zima data katikati, kisha ingia kupitia kompyuta ya steshenari uone kilichosalia.