Je, Wajua? Ada ya Bima Yaweza Kuwa Mali

Je, wajua kuwa ada ya bima uliyokwisha kuilipa yaweza kuhesabiwa kuwa mali ya biashara yako?

Tuseme duka linafunga hesabu zake Desemba 31. Oktoba 1, mwenye duka alilipa Sh 1,200,000 kwa bima ya moto ya miezi 12, yaani Sh 100,000 kwa mwezi. Mwaka unapokwisha, ni miezi 3 tu iliyotumika, kwa hiyo Sh 300,000 ndizo zinazoingia kwenye hesabu ya faida na hasara. Sh 900,000 zilizobaki ni kinga ambayo duka bado linaidai kampuni ya bima. Zinaandikwa kwenye mizania kama malipo ya awali. Ukizitoa Sh 1,200,000 zote kwa mkupuo, faida ya mwaka huu itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na ya mwaka ujao itavimba bila sababu.

Je, wajua pia?

• Bima ya mzigo ulio njiani kuja dukani ni sehemu ya gharama ya kununulia bidhaa hizo.

• Bima ya gari la nyumbani ikilipwa kwa fedha za duka, ni matumizi binafsi ya mwenye duka, si gharama ya biashara.

• Fidia inayolipwa na kampuni ya bima haiandikwi kama mauzo.

Hifadhi stakabadhi pamoja na hati ya bima: tarehe ya kuanza na ya kuisha ndizo zinazoongoza mgawanyo wote.